Maswali ya Wasomaji: Arizona na New Mexico zilipataje kuwa majimbo?

Barua nyingi mlizotuandikia kuhusu majimbo ya Marekani zimeangukia kona moja, ile ya kusini-magharibi: Arizona, jimbo la 48, na jirani yake New Mexico, jimbo la 47. Huwezi kueleza habari ya mmoja ukamwacha mwenzake, kwa hiyo tumewajibu pamoja. Maswali yaliyofanana tumeyaunganisha.

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne. Kitabu chetu kinasema Arizona ilikuwa "eneo" kabla ya kuwa jimbo. Kama zote zilikuwa chini ya Rais mmoja, tofauti ilikuwa nini?

JIBU: Marahaba. Tofauti ilikuwa kubwa. Mkazi wa eneo hakumpigia kura Rais wa nchi. Gavana wake hakuchaguliwa naye. Aliteuliwa na Rais huko Washington na kuthibitishwa na Seneti, na vivyo hivyo katibu wa eneo pamoja na majaji. Wananchi walichagua bunge lao dogo, lakini sheria yoyote iliyotungwa humo ingeweza kufutwa na Kongresi, yaani bunge la nchi lenye Seneti na Baraza la Wawakilishi. Katika Baraza la Wawakilishi walikuwa na mjumbe mmoja tu, mwenye ruhusa ya kuzungumza bila kupiga kura. Kwenye Seneti hawakuwa na mtu.

Jimbo, kwa upande wake, hujiandikia katiba, humchagua gavana na majaji kwa utaratibu wake lenyewe, hupeleka maseneta wawili hata kama lina watu wachache, na hupiga kura ya urais. Wakazi wa Arizona na New Mexico walimpigia kura Rais kwa mara ya kwanza Novemba 1912. New Mexico ilikuwa imekaa katika hali ya eneo tangu Septemba 1850. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo aliingia uzeeni bila kumchagua Rais hata mara moja, labda awe amehamia kwingine.

SWALI: Ardhi yenyewe Marekani iliipata wapi? Naona wengine wanaandika ilinunuliwa, wengine wanaandika ilitekwa.

JIBU: Yote mawili ni kweli. Jeshi la Jenerali Stephen Watts Kearny liliingia Santa Fe tarehe 18 Agosti 1846, wakati wa vita na Meksiko. Mkataba wa Guadalupe Hidalgo, uliotiwa saini tarehe 2 Februari 1848, ulihalalisha utekaji huo na Marekani ikalipa dola milioni 15. Sehemu iliyo kusini ya mto Gila, ukiwamo mji wa Tucson, haikuwamo. Hiyo ilinunuliwa baadaye kwa dola milioni 10, kwa mkataba uliosainiwa tarehe 30 Desemba 1853, hasa kwa sababu ya kutafuta njia tambarare ya reli.

Angalieni jambo moja linalowachanganya wengi kwenye mitihani: kulikuwa na Arizona mbili. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, majimbo ya kusini yaliyojitenga yaliigawa New Mexico kwa mstari wa kutoka mashariki kwenda magharibi, na nusu ya kusini wakaiita Arizona. Jefferson Davis, rais wao, aliitangaza tarehe 14 Februari 1862. Arizona hiyo ilikufa pamoja na jeshi lao kurudi nyuma. Arizona tunayoijua ilitokana na sheria aliyoitia saini Abraham Lincoln tarehe 24 Februari 1863, na mstari wake unakwenda kaskazini-kusini. Ukiona ramani ambayo Arizona imelala kando ya mpaka wa Meksiko hadi kugusa Texas, hiyo ni ile ya kwanza.

SWALI: Ninafundisha historia, na siku zote nimekuwa nikiwaambia wanafunzi kwamba eneo likifikisha wakazi 60,000 linakuwa jimbo. Mbona New Mexico ilikuwa na watu hao mapema na bado ikasubiri miaka sitini?

JIBU: Mwalimu, tunakuomba uirekebishe kanuni hiyo. Idadi ya 60,000 inatoka kwenye sheria ya mwaka 1787 iliyohusu ardhi ya kaskazini ya mto Ohio, yaani zile sehemu zilizokuja kuwa Ohio, Indiana, Illinois na jirani zao. Nje ya hapo ilitumika kama kipimo cha mazungumzo tu. Katiba ya Marekani, ibara ya 4, kifungu cha 3, haitaji idadi yoyote: inasema majimbo mapya yanaweza kuingizwa na Kongresi katika Muungano, basi. Kongresi ikitaka, inakubali. Isipotaka, hakuna mahakama ya kuilazimisha. Hata ule mkataba wa 1848 ulisema wakazi wa ardhi iliyochukuliwa wataingizwa katika Muungano wakati ufaao, na wa kuamua wakati huo ni Kongresi yenyewe.

Mfano unaoonyesha hilo waziwazi ni Nevada. Katika sensa ya 1860 ilihesabiwa kuwa na watu 6,857. Mwaka 1864 Lincoln alikuwa anagombea tena na chama chake kilihitaji kura Kongresini, basi katiba ya Nevada ikatumwa Washington nzima nzima kwa telegrafu, na tarehe 31 Oktoba Nevada ikawa jimbo, siku nane kabla ya uchaguzi. New Mexico ilikuwa na watu 61,547 katika sensa ya 1850. Mwaka huohuo wananchi wake walipitisha katiba ya jimbo kwa kura 8,371 dhidi ya 39. Katiba hiyo haikuwafikisha popote, kwa sababu mwezi Septemba Kongresi ilikubaliana mambo mengine: California iwe jimbo, Texas ilipwe dola milioni 10 iachie madai yake ya ardhi hadi mto Rio Grande, na New Mexico iwe eneo.

Baada ya hapo sababu zilibadilika kila muongo. Kwanza suala la utumwa. Kisha hesabu za vyama: kila jimbo jipya ni maseneta wawili, na Warepublican wa mashariki hawakutaka viti vinne vya watu wa magharibi, wenye kupigania sarafu ya madini ya fedha na wengi wao, hasa Arizona, wakiwa Wademocrat. Mwaka 1889 Dakota mbili, Montana na Washington ziliingia, New Mexico ikaachwa nje. Na si kila mara kosa lilikuwa la Washington. Mwaka 1890 wananchi wa New Mexico wenyewe waliikataa katiba iliyoandikwa mwaka uliotangulia, kwa zaidi ya kura 16,000 dhidi ya 7,000 na ushei. Arizona nayo iliandika katiba 1891, wananchi wakaikubali, Kongresi ikaiweka kando.

Chini ya hayo yote kulikuwa na ubaguzi, na ni vema usemwe waziwazi darasani. Wakazi wengi wa New Mexico walikuwa Wakatoliki wanaozungumza Kihispania. Seneta Albert Beveridge wa Indiana, mwenyekiti wa kamati ya Seneti iliyoshughulikia maeneo, alifanya ziara ya haraka huko Novemba 1902 pamoja na maseneta wenzake. Waliwahoji majaji, walimu na waliokuwa makarani wa sensa: je, mahakamani mnatumia mkalimani? Watoto wanazungumza lugha gani nje ya darasa? Majibu yakageuzwa kuwa ushahidi kwamba watu hao hawajawa Wamarekani wa kutosha. Walikuwa raia kwa mkataba tangu 1848.

SWALI: Nilisikia kwamba New Mexico ilikosa ujimbo kwa sababu mjumbe wake alimpa mtu mkono. Ni kweli?

JIBU: Ni simulizi maarufu. Mwaka 1875 mjumbe Stephen Elkins aliingia ukumbini wakati mwakilishi mmoja wa Michigan akimalizia hotuba iliyowaudhi watu wa kusini. Bila kujua kilichosemwa, akaenda kumpongeza kwa kumshika mkono, na wawakilishi wa kusini wakaunyima kura muswada wake. Colorado ikapita, New Mexico ikabaki. Huenda mkono huo uligharimu kura kadhaa, lakini hauwezi kueleza miaka 36 iliyofuata.

SWALI: Ni kweli Arizona na New Mexico zilikaribia kuwa jimbo moja? Nani aliyekataa?

JIBU: Ni kweli, na aliyekataa ni Arizona. Beveridge na wenzake waliona kwamba wakishindwa kuzuia kabisa, basi bora wakubali maseneta wawili badala ya wanne. Sheria ya tarehe 16 Juni 1906 iliunganisha Oklahoma na lile lililoitwa Eneo la Wahindi (yaani la wenyeji wa asili wa Amerika) kuwa jimbo moja, na ikaziuliza Arizona na New Mexico kama nazo zinataka kuungana. Jimbo lingeitwa Arizona, mji mkuu ungekuwa Santa Fe.

Kilichookoa utengano ni kipengele kilichopiganiwa na Seneta Joseph Foraker wa Ohio: kila upande upige kura peke yake, na upande mmoja ukikataa, mpango unakufa. Kura zilipigwa tarehe 6 Novemba 1906. New Mexico ilikubali kwa kura 26,195 dhidi ya 14,735. Arizona ilikataa kwa 16,265 dhidi ya 3,141.

Ukijumlisha pande zote mbili, waliokubali ni 29,336 na waliokataa 31,000. Kwa hiyo hata kapu lingekuwa moja, muungano ungeanguka, ila kwa kura 1,664 tu. Hofu ya Arizona ilikuwa ya hesabu: katika sensa ya 1900 ilikuwa na watu 122,931, na jirani yake 195,310. Ndani ya jimbo moja wangeshindwa kila uchaguzi. Makampuni ya migodi na reli nayo yalihofia kodi ya serikali mpya, na wazungumzaji wa Kiingereza wa Arizona wengi hawakutaka kutawaliwa kutoka Santa Fe. Kwa upande wa New Mexico, wengi waliopiga kura ya ndiyo walijua fika kwamba Arizona itakataa. Walitaka Washington ione wao si wakaidi.

SWALI: Tupeni hatua zenyewe, kuanzia sheria ya kuruhusu hadi siku ya kutangazwa. Nataka kuzifuata moja moja.

JIBU: Njia ya kawaida ilikuwa hii: Kongresi inatunga sheria wezeshi, eneo linachagua wajumbe wa bunge la katiba, katiba inaandikwa, wananchi wanaipigia kura, inapelekwa kwa Rais na Kongresi, ikikubaliwa, viongozi wa kwanza wanachaguliwa, matokeo yanathibitishwa Washington, Rais anatoa tangazo. Ujimbo unaanza kwa tangazo la Rais, si kwa kura ya wananchi.

Sheria wezeshi ya maeneo haya mawili ilitiwa saini na Rais William Howard Taft tarehe 20 Juni 1910. Masharti yake yalikuwa mazito. Katiba isibague watu kwa rangi katika haki za kiraia na za kisiasa. Iruhusu uhuru wa dini na ipige marufuku ndoa za wake wengi. Jimbo lijivue madai yote juu ya ardhi za wenyeji wa asili. Shule za umma zifundishe kwa Kiingereza, na maafisa wa jimbo pamoja na wabunge wawe wanaweza kusoma, kuandika na kuzungumza Kiingereza bila mkalimani. Phoenix ibaki mji mkuu wa Arizona hadi mwisho wa 1924, na Santa Fe wa New Mexico hadi mwisho wa 1925.

Bunge la katiba la New Mexico lilikuwa na wajumbe 100, wakiwamo 71 wa chama cha Republican, na lilikaa Santa Fe kuanzia tarehe 3 Oktoba hadi 21 Novemba 1910. La Arizona lilikuwa na 52, kati yao 41 wa Democratic, likakaa Phoenix kuanzia tarehe 10 Oktoba hadi 9 Desemba chini ya George W. P. Hunt. Uwiano huo wa vyama ndio uliozaa katiba mbili zisizofanana hata kidogo.

Ya New Mexico iliandikwa na watu waliotaka ikubaliwe bila maswali. Walichokilinda kwa nguvu ni lugha ya wapiga kura wao. Ibara ya 7 inasema haki ya kupiga kura na ya kushika madaraka haitapunguzwa kwa sababu ya dini, rangi, lugha, au kutojua kusoma na kuandika Kiingereza au Kihispania. Ili kukibadilisha kifungu hicho wakaweka kizuizi cha ajabu: robo tatu ya wapiga kura wa jimbo zima, na juu yake theluthi mbili katika kila kaunti. Kaunti moja tu ingetosha kuzuia. Ni kazi ya wanasheria makini waliojua wanachokihofia.

Ya Arizona iliwapa wananchi nguvu moja kwa moja. Saini za asilimia 10 ya wapiga kura zilitosha kupeleka muswada wa sheria kwenye sanduku la kura, asilimia 15 kupeleka badiliko la katiba, na asilimia 5 kulazimisha sheria iliyopitishwa na bunge irudi kwa wananchi kwanza. Pia waliweka utaratibu wa kumng'oa kiongozi yeyote aliyechaguliwa, majaji wakiwamo. Hapo ndipo moto ulipowaka.

Wananchi waliikubali katiba ya New Mexico tarehe 21 Januari 1911, kwa kura 31,742 dhidi ya 13,399. Ya Arizona ilikubaliwa tarehe 9 Februari, kwa zaidi ya kura tatu kwa moja. Taft aliipitisha ya New Mexico mwezi huohuo, na Baraza la Wawakilishi likakubali. Lakini Kongresi ilikuwa inafunga tarehe 4 Machi, na Seneta Robert Owen wa Oklahoma akasimama kuzungumza bila kukoma: New Mexico haiingii bila Arizona. Muda ukaisha. Maeneo yote mawili yakarudi kwenye foleni.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa sheria. Rais alipinga nini hasa kwenye suala la majaji, na je, Arizona ilisalimu amri?

JIBU: Tuanze na utaratibu wenyewe. Baada ya kiongozi kukaa madarakani miezi sita, wananchi wangeweza kukusanya saini zinazofikia asilimia 25 ya kura zilizopigwa kwa kiti hicho katika uchaguzi uliopita. Akishaletewa ombi hilo ana siku tano za kujiuzulu. Asipojiuzulu, uchaguzi maalum unaitishwa. Karatasi ya kura ingebeba sababu za kumng'oa zisizozidi maneno 200, na utetezi wake usiozidi maneno 200.

Taft, aliyewahi kuwa jaji na ambaye mwaka 1921 angekuja kuwa Jaji Mkuu wa Marekani, aliona kwamba jaji anayeweza kufukuzwa kwa hukumu isiyopendwa hawezi kumlinda mtu mnyonge dhidi ya umati. Alikwisha kuwaonya alipozuru Arizona Oktoba 1909 wasiige katiba ya Oklahoma. Kongresi ilipopitisha azimio la kuyaingiza maeneo yote mawili, tarehe 15 Agosti 1911 akalipiga kura ya turufu. Watu wa Arizona walikuwa na hoja yao: waliona majaji wa eneo, walioteuliwa kutoka nje, wakiegemea migodi na reli dhidi ya wafanyakazi. Kwao jaji asiyewajibika kwa wananchi alikuwa tayari anawajibika kwa mtu mwingine.

Kongresi ikaandika azimio jipya, na Taft akalisaini tarehe 21 Agosti 1911. Arizona ilitakiwa ipige kura ya kuwaondoa majaji kwenye kifungu hicho, la sivyo haiingii. New Mexico nayo ilitakiwa iwape wananchi nafasi ya kulegeza masharti ya kubadilisha katiba yao. Masharti ya mwanzo yalidai theluthi mbili ya kila baraza la bunge kwa nyakati nyingi, kisha kura za ndiyo zifikie asilimia 40 ya kura zote za jimbo, na zishinde katika angalau nusu ya kaunti. Swali hilo lilichapwa kwenye karatasi ya buluu, na tarehe 7 Novemba 1911 wananchi wakakubali kulegeza.

Arizona ilipiga kura tarehe 12 Desemba 1911, ikawaondoa majaji kwenye kifungu hicho kwa kura 14,963 dhidi ya 1,980. Ikawa jimbo tarehe 14 Februari 1912. Tarehe 5 Novemba mwaka huohuo, katika uchaguzi mkuu wake wa kwanza kama jimbo, wananchi wakakirudisha kipengele kilekile, na hakuna aliyeweza kuwazuia.

Kisheria walikuwa na mahali pa kusimama. Mei 1911 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imeamua kesi ya Coyle dhidi ya Smith, iliyohusu Oklahoma. Kongresi ilikuwa imeishurutisha Oklahoma kuacha mji mkuu Guthrie hadi 1913; jimbo likauhamishia Oklahoma City. Mahakama ikasema jimbo likishaingia linakuwa sawa na mengine yote, na Kongresi haiwezi kulifunga kwa masharti ya kuingilia katika mambo ambayo majimbo mengine hujiamulia. Jinsi ya kuwapata na kuwaondoa majaji wa jimbo ni jambo la namna hiyo.

Usidhani, hata hivyo, kwamba kila sharti hufutika. Masharti yanayohusu mali iliyotolewa na serikali kuu hubaki, na swali linalofuata linaonyesha kwa nini.

SWALI: Nimesoma kwamba Arizona ilipewa ardhi ya shule "sehemu ya 2, 16, 32 na 36". Namba hizi ni za nini?

JIBU: Ni namba za viwanja kwenye ramani ya upimaji. Wapima ardhi wa serikali kuu waliigawa nchi katika miraba ya maili 6 kwa 6. Kila mraba huo una viwanja 36, kila kimoja maili moja kwa moja, yaani ekari 640. Kuhesabu huanzia kona ya kaskazini-mashariki: namba 1 hadi 6 kwenda magharibi, kisha safu ya pili 7 hadi 12 kurudi mashariki, na kuendelea kwa kupindapinda hadi 36, kona ya kusini-mashariki.

Zamani majimbo yalipewa kiwanja cha 16 peke yake, baadaye cha 16 na 36. Kwa kuwa nchi hii ni kavu na ekari moja haizai kama ya Ohio, Arizona na New Mexico zilipewa vinne. Hesabu yake ni 4 mara 640, ekari 2,560 katika kila mraba wa ekari 23,040, ambayo ni moja ya tisa. Palipokuwa na mkazi aliyekwisha kujiandikisha, hifadhi ya wenyeji wa asili (ardhi waliyotengewa) au madini yaliyojulikana, jimbo liliruhusiwa kuchagua ardhi nyingine badala yake. Viwanja vilivyoangukia ndani ya misitu ya taifa havikukabidhiwa. Jimbo lilipewa fungu la mapato ya msitu kulingana na ukubwa wake. Juu ya hapo kulikuwa na ardhi ya vyuo, magereza, hospitali, na ekari milioni moja za kulipia madeni ya kaunti za Maricopa, Pima, Yavapai na Coconino. Jumla ya Arizona ilipita ekari milioni 10, na takribani milioni 9 bado zimo mikononi mwa jimbo.

Kongresi ilikuwa imeona majimbo ya awali yakiuza ardhi za shule kwa bei ya kutupa, mara nyingi kwa marafiki wa wanasiasa. Ndiyo maana sheria ya 1910 ina masharti ya kina. Ardhi iuzwe kwa mnada wa hadhara tu. Mnada utangazwe mara moja kwa wiki kwa wiki kumi mfululizo, katika gazeti la mji mkuu na katika gazeti lililo karibu zaidi na ardhi yenyewe. Huko Arizona bei isishuke chini ya dola 3 kwa ekari, na dola 25 kwa ardhi inayoweza kumwagiliwa na miradi ya serikali kuu. Fedha ya kila fungu ikae katika mfuko wake na isichanganywe.

New Mexico iliyajaribu masharti hayo mapema. Sheria yake ya 1915 iliruhusu hadi asilimia 3 ya mapato ya ardhi hizo itumike kulitangaza jimbo ili kuvuta wahamiaji. Serikali kuu ikashtaki, na mwaka 1919 Mahakama ya Juu ikasema huo ni uvunjaji wa amana: ardhi ilitolewa kwa kazi zilizotajwa, na matangazo hayamo. Mwanafunzi wa sheria, weka kesi hii ya Ervien kando ya ile ya Coyle uzisome pamoja.

SWALI: Na wenyeji wa asili? Ujimbo uliwaletea nini?

JIBU: Kwa miaka mingi, karibu hakuna. Katika sensa ya 1910 Arizona ilikuwa na watu 204,354, na kati yao wapatao 29,000 walikuwa wenyeji wa asili: Wanavajo, Wahopi, Waapache, Waodham na wengineo. Wengi wao hawakuwa raia wa nchi waliyozaliwa. Sheria ya 1924 iliwapa uraia wote, lakini kura ilibaki mikononi mwa majimbo. Katiba ya Arizona ilimnyima kura mtu aliye chini ya ulezi, na mwaka 1928 mahakama kuu ya jimbo ikasema wenyeji wa hifadhi ni kama watu walio chini ya ulezi wa serikali kuu. Katiba ya New Mexico, ileile iliyowalinda wazungumzaji wa Kihispania kwa ukuta mrefu, iliwatenga wenyeji wasiotozwa kodi.

Vizuizi vyote viwili vilianguka mwaka 1948. Arizona ilikuwa kesi ya Frank Harrison na Harry Austin wa Fort McDowell, waliokataliwa kuandikishwa kupiga kura. Uamuzi ulitoka Julai. New Mexico ilikuwa kesi ya Miguel Trujillo, mwalimu wa Isleta aliyekuwa ametumikia jeshi la wanamaji. Uamuzi ulitoka Agosti. Hata hapo Arizona ilibaki na jaribio la kusoma Kiingereza kwa wapiga kura hadi sheria ya nchi ilipolisimamisha mwaka 1970.

Wanawake wa Arizona walisubiri muda mfupi zaidi. Bunge la katiba liliwakatalia kura 1910, lakini Novemba 1912 walitumia ile njia ya saini na suala likapita kwa zaidi ya kura 13,000 dhidi ya 6,000 na ushei, miaka minane kabla ya nchi nzima.

SWALI: New Mexico ni ya 47. Mbona sijawahi kuona bendera ya Marekani yenye nyota 47?

JIBU: Kwa sababu haikuwahi kuwa rasmi. Sheria ya 1818 inasema nyota mpya huongezwa tarehe 4 Julai inayofuata baada ya jimbo kuingia. New Mexico iliingia tarehe 6 Januari 1912 na Arizona tarehe 14 Februari, kwa hiyo Julai ilipofika nyota mbili ziliongezwa kwa pamoja, na bendera ikatoka nyota 46 moja kwa moja hadi 48. Taft pia alitoa amri mwezi Juni 1912 kwamba zipangwe safu sita za nyota nane nane. Kabla yake kila mtengenezaji alizipanga alivyoona. Mpangilio huo ulidumu hadi Alaska ilipoongezewa nyota yake tarehe 4 Julai 1959.